Mkono wa Kwanza

Chungu cha chachu kikikaa kimya, hakuna anayekiuliza chungu. Huulizwa mwanamke aliyekilinda. Jumatano asubuhi Sinyati alikifunua chungu cha nyumba ya wakwe zake kule Poli, akainamisha sikio kama mtu anayesikiliza kifua cha mtoto mgonjwa, na hakusikia kitu. Siku mbili, alizolala hukohuko kukilinda, zilikuwa zimepita tangu maji ya ndizi mbivu na konzi ya unga wa ulezi viingizwe humo. Siku ya pili chungu huwa kinanong'ona: povu la rangi ya kahawia hupanda hadi shingoni, hupasuka, hupanda tena, na harufu yake huwafikia ng'ombe bandani. Sasa maji yalikuwa yametulia kama jicho la samaki. Unga ulikuwa umelala chini, na inzi mmoja aliyezama katikati hakuwa na hata kiputo cha kumsindikiza.

Chungu hicho hakikuwahi kuguswa na sabuni. Mama Hanna, mama mkwe wake, alikipokea kutoka kwa mama mkwe wake mwenyewe miaka thelathini na kitu iliyopita, na tangu hapo mashapo ya mbege moja, pombe ya ndizi na ulezi, ndiyo yaliyoizaa mbege iliyofuata. Kulikuwa na utaratibu. Mama Hanna ndiye aliyeamsha chachu. Alikunja mkono wa gauni, akazamisha mkono mtupu hadi kiwikoni, akayakanda mashapo na kuzungusha mara saba bila kusema neno, kisha akamwachia mke wa mwanawe kazi ya kufunika, kulinda na kupasha joto. Uliitwa mkono wa kwanza. Majirani wenye harusi walimfuata mpaka nyumbani aje auweke katika vyungu vyao, na tangu afiwe na mumewe, huo ndio uliobaki kuwa utajiri wake mbele za watu.

Safari hii mbege haikuwa ya kunywa tu. Jumamosi ya wiki iliyofuata ukoo ungekutana kumkatia Meshack, mume wa Sinyati, sehemu ya kihamba cha marehemu baba yake, shamba la migomba na kahawa, ili ajenge. Miaka sita walikuwa wamepanga vyumba viwili Moshono, wakisikia kila kikohozi cha jirani. Wazee wangekunywa kwanza, ndipo wapande mimea ya masale mpakani, kama walivyopanda babu zao. Bila mbege iliyoumuka hapangekuwa na mpaka, na bila mpaka hapangekuwa na nyumba.

Baba mkubwa Ephraimu alifika kabla ya saa nne. Alikuwa kaka wa marehemu na mwenye neno la mwisho juu ya kihamba. Sinyati alimwamkia, naye aliitikia marahaba huku macho yake yakiwa tayari kwenye chungu. Alichovya kidole, akaonja, akatema kando. Akaeleza, kwa sauti ya mtu anayesoma matangazo kanisani, kwamba chachu hujua kilichomo moyoni mwa anayelala karibu nayo. Akakumbusha mambo ya Krismasi. Mbele ya wageni alikuwa amesema kwamba binti wa Lengai, Mwarusha wa Elerai, anajua maziwa, hajui ndizi. Naye Sinyati, badala ya kucheka kama wengine, alimjibu kwamba ndizi hazijawahi kumuuliza mtu kabila. Wageni walicheka zaidi jibu kuliko utani. Hilo ndilo Ephraimu hakulisahau.

"Tusipoteze maneno," alisema. "Jumamosi ya kikao utashika sale mbele ya ukoo uniombe radhi. Chungu kitaamka chenyewe."

Kwa Wameru, anayetaka kusamehewa hatumi mjumbe. Hushika sale, mmea uleule wa mpakani, na anayenyooshewa sale hana ruhusa ya kukataa. Ni adabu ya zamani na nzuri. Sinyati aliwahi kuona kesi ya ndugu wawili ikimalizwa na jani moja.

Mama Hanna alikuwa ameketi kwenye kigoda, anamenya ndizi. Hakumshtaki mkwewe wala hakumtetea. Aliendelea kumenya hadi ungo ukajaa, kisha akatafuta ungo mwingine.

Kabla ya kuondoka, Sinyati alitoa kwenye mkoba wake wa kazi kichupa kimoja cha kupimia mkojo, akachota maji ya chungu pamoja na mashapo, akakifunga.

Alimkuta Meshack huko Sakina, kwenye gereji yake kando ya barabara ya Nairobi, amelala chini ya lori, imebaki miguu tu nje. Basi Sinyati aliieleza miguu. Aliieleza chungu, inzi, Baba mkubwa na sale. Miguu ilitulia, ikakuna kisigino kimoja kwa kingine, kisha sauti ikatoka chini ya injini kwamba ni maneno mawili tu, ayaseme, yaishe. Meshack hakuwa mtu mbaya. Alikuwa fundi, na kwake kitu kinacholia hutiwa grisi.

Sinyati alisema atafikiri, na kweli alifikiri. Njia nzima ya kwenda Moshono aliyapima yale maneno mawili mdomoni. Alikuwa na Kimaasai cha mama yake, Kimeru cha kuokoteza kwa wakwe, na Kiswahili alichokipenda kuliko mavazi yake, na katika zote tatu hakuona neno la radhi lililo zito. Watu huomba radhi kwa kumkanyaga mtu sokoni. Kufika nyumbani alikuwa amekwisha kukubali nusu. Kilichobaki kilikuwa kichupa tu, nacho alikiweka kwenye friji, nyuma ya maziwa.

Maabara alikofanya kazi ilikuwa chumba kirefu chenye madirisha yanayotazama mlima. Stashahada yake ilimfanya mtu wa fangasi: aliotesha waliotoka katika midomo, kucha na damu za wagonjwa, akawajaribu kwa dawa moja baada ya nyingine, ili daktari ajue ipi itafaa. Hamira nayo ni fangasi. Haina ugomvi na mtu, lakini ukoo ni mmoja.

Alhamisi asubuhi Joyce, mwenzake wa meza ya pili, alifungua kile kichupa, akanusa, akamtazama.

"Mkojo wa nani huu unaonukia harusi?"

"Wa chungu."

"Kina mimba?"

"Ndicho ninachotaka kujua."

Alidondosha tone kwenye kioo, akaliweka chini ya hadubini. Hamira yenye afya ni mviringo, na kila seli huwa na kichipukizi kimoja ubavuni, kama mama aliyempakata mtoto. Mtoto akikua huachana na mama, akaenda zake. Hizi zilikuwa zimegandana vishada vishada. Vichipukizi vilikuwa vimeshindwa kuachia, vikazaa vingine hapohapo. Baadhi vilikuwa vimevimba, baadhi vimenywea. Alitia rangi ya bluu. Seli iliyo hai huikataa rangi hiyo, iliyokufa huinywa. Karibu nusu zilikuwa zimeinywa.

Sinyati aliinua kichwa. Alikuwa hajui kinyongo kinafananaje chini ya hadubini, lakini hii aliijua. Alikuwa ameiona mara nyingi, katika sampuli za wagonjwa waliokwisha kuanza dawa.

Basi akafanya kazi kama angefanya kwa mgonjwa yeyote. Alipaka hamira ya dukani kwenye sahani tatu za kuoteshea. Katikati ya kila sahani aliweka kikaratasi cha duara, kidogo kuliko kifungo cha shati: cha kwanza kimelowa dawa ya fangasi ya aina moja, cha pili dawa ya aina nyingine, cha tatu kimelowa maji ya chungu cha Mama Hanna. Sahani ya nne ilikuwa ya hamira ya chungu yenyewe. Aliizungusha kwenye mashine ikatuama, akaimwagia maji safi, akarudia mara tatu, kisha akaipaka peke yake, bila kikaratasi, bila kitu. Akazifungia zote kwenye kabati la joto, akaandika tarehe.

Jumamosi mchana, mwisho wa zamu, alizitoa.

Seli ya hamira huishi ndani ya utando mwembamba wa mafuta. Katika mafuta hayo kuna aina moja, ergosteroli, inayouweka utando sawa, usikakamae ukapasuka wala usilegee ukavuja. Hapo ndipo dawa nyingi za fangasi hupiga. Za aina ya kwanza huyafuata mafuta hayo kwenye utando, yakiwa yamekwisha kujengwa. Huyashika, huutoboa utando, na seli ikamwaga vilivyomo. Kwenye sahani, pete tupu inayozunguka dawa hiyo huwa na ukingo mkali, kana kwamba imekatwa kwa wembe. Aina ya pili haigusi utando. Huingia jikoni, mahali mafuta hayo yanapopikwa, ikamshika mpishi mkono. Seli haifi papo hapo. Huendelea kuzaa, na kila kizazi hupokea utando wenye mafuta pungufu kuliko cha kabla yake, huku mafuta yasiyofaa yakijaza nafasi, mpaka siku moja utando unavuja na watoto wanashindwa kuachana na mama zao. Pete ya dawa hiyo haina ukingo mkali. Hufifia kama ukungu unaoondoka mlimani, kwa sababu wapo wanaokufa, na wapo wanaojikongoja.

Pete ya chungu ilikuwa na ukungu. Aliiweka kando ya pete ya aina ya pili, akaziita pacha.

Furaha iliyompata haikuwa safi, na alijua. Ilikuwa na sura ya Baba mkubwa Ephraimu. Wakulima wa kahawa hupuliza dawa za jamii hiyohiyo dhidi ya kutu ya majani, na Ephraimu ndiye aliyekuwa na bomba la kupulizia. Sinyati alijiona tayari kwenye kikao, sahani mkononi, akiwaeleza wazee kwa Kiswahili kisicho na doa ni nani aliyekinyamazisha chungu. Alizipanga hata pumzi za kuvuta kati ya sentensi.

Lakini kahawa haikuwa imepulizwa tangu mvua za masika, na chungu hakikutoka ndani. Joyce, ambaye alikuwa anavua koti lake, aliuliza bila kugeuka.

"Nani aliyetia mkono humo?"

Sinyati aliziweka sahani mezani.

Mwezi mmoja uliopita alikuwa ameona vidole vya Mama Hanna. Katikati ya kidole na kidole ngozi ilikuwa nyeupe, imechanika, kama ya mtu anayeshinda kwenye maji, na Mama Hanna alikuwa anashinda kwenye maji. Sinyati alipitia duka la dawa pale Sakina, akanunua tyubu mbili za dawa ya kupaka, akampelekea. Akamweleza, kwa sauti yake ya kazini, kwamba apake mara mbili kwa siku, asiruke hata siku moja, na hata akipona aendelee wiki mbili zaidi. Mama Hanna alimsikiliza kama mtoto wa shule. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mkwe huyu kumletea kitu ambacho si sukari wala kanga.

Dawa ya aina ya pili. Mkono hadi kiwikoni. Mashapo yaliyokandwa mara saba.

Alikaa. Ushahidi ulikuwa kamili, na haukumfaa kitu. Ili atoke msafi mbele ya ukoo, ingembidi asimame na kusema kwamba mkono wa kwanza, mkono ulioitwa kwenye kila harusi ya Poli, ndio uliokizima chungu. Baada ya hapo nani angeuita? Wasingekumbuka mafuta wala utando. Wangekumbuka mkono. Na tyubu alikuwa ameinunua yeye.

"Hii ya nne vipi?" Joyce aliuliza. Alikuwa ameinua sahani ya mwisho kuelekea dirishani. "Njoo uone."

Vidoti. Vidogo kuliko chumvi, vyeupe, vimetawanyika. Hamira iliyooshwa dawa ilikuwa imerudi jikoni, inapika tena mafuta yake. Sinyati aliitazama muda mrefu kuliko ilivyohitaji kazi. Kisha akachukua chupa ya kioo, akachemsha maji ya ndizi aliyotoka nayo nyumbani, akayaacha yapoe, akachota vidoti vitatu kwa sindano yake ya waya na kuvitia humo.

Jumatatu alipanda Poli na chupa ikiwa kifuani, chini ya kanga, apate kuipa joto lake. Ilikuwa inatoa povu. Mama Hanna alikuwa peke yake jikoni. Walisalimiana, na Sinyati, kabla ya kuitoa chupa, aliuliza hali ya vidole.

Mama Hanna alinyoosha mikono yote miwili, viganja juu, kisha akaigeuza. Ngozi ilikuwa imefunga, laini, nyeusi, haina hata ufa. Uso wake ulikuwa na fahari ambayo Sinyati hakuwahi kuiona pale.

"Sijaruka hata siku moja," alisema. "Hata leo asubuhi nimepaka."

Sinyati aliisifu mikono. Alisema imepona vizuri, na dawa sasa inatosha, iishie hapa. Akaiweka chupa mezani. Akaeleza kwamba ni chachu ya chungu hichohicho, ileile ya tangu zamani, ameiotesha kazini, na kwamba safari hii ingekuwa vema mkono uoshwe kwanza kwa maji ya moto na majivu kabla ya kuingia.

Mama Hanna hakuwa amesoma kemia, lakini alikuwa amelea chachu miaka thelathini, na anayelea kitu miaka thelathini hahitaji kuelezwa mara mbili. Alitazama chupa. Alitazama kile chungu pembeni. Mikono yake, ambayo bado ilikuwa hewani, ilishuka taratibu hadi mapajani, ikajificha kwenye mikunjo ya gauni.

"Ni mimi?"

"Ni dawa, mama. Niliinunua mimi."

Kuni zilipasuka jikoni. Nje mtu alimwita mbuzi kwa jina.

"Watajua?"

"Kwa kinywa changu, hapana."

Mama Hanna aliinuka, akaweka maji motoni. Akachota majivu. Aliosha mkono muda mrefu, hadi juu ya kiwiko, kama wanavyonawa madaktari, na Sinyati akammiminia. Chungu walikimwaga mgombani na kukifikicha kwa maji yanayochemka, mara tatu. Wakatia maji mapya ya ndizi, unga wa ulezi na chachu ya chupa. Kisha mama mkwe akakunja mkono wa gauni, akazamisha mkono, akazungusha. Mara ya nne alisita, akamtazama mkwewe. Sinyati alitikisa kichwa kumkubalia. Akazungusha tatu zilizobaki.

Jumatano chungu kilinong'ona. Alhamisi kilipiga kelele, nao wakakimimina kwenye pipa la ndizi zilizopikwa.

Jumamosi ukoo ulikaa kwenye viti vya kukodi chini ya turubai. Meshack alivaa shati jeupe lililomkaba shingo. Masale yalilala pembeni, yamefungwa fungu moja kwa kamba ya mgomba, mizizi ikiwa na udongo bado. Mama Hanna aligawa mbege kwa kata, na povu lake liliacha sharubu kwenye midomo ya wazee. Mzee Aminieli, mkubwa kuliko wote, aliomba kata ya pili kabla ya kumaliza ya kwanza, akasema mkono wa Mama Hanna haujazeeka. Watu wakaitikia. Mama Hanna aliinamia kibuyu.

Ephraimu alikunywa polepole. Alifuta mdomo, akasimama. Alisema kila mtu ameona chungu kilivyokuwa na kilivyo sasa. Moyo umesafishwa, alisema, na hilo ni jambo jema. Kilichobaki ni kinywa. Akalifungua fungu, akachomoa sale moja yenye shina lake na mizizi yake, akainyoosha mbele.

"Binti Lengai. Njoo."

Sinyati aliinuka. Meshack alitazama viatu vyake. Kati ya kiti chake na ile sale palikuwa na hatua tano, na katika hatua hizo aliona vitu vyote vilivyokuwapo: migomba, kipande cha ardhi kilichokwisha kufyekwa, kamba ya kupimia iliyolazwa, haijakazwa. Anayeshika kamba alikuwa ndiye huyu anayeshika sale. Maneno mawili yangeikaza leo hii. Aliyapima tena mdomoni, kama siku ile njiani, na sasa yalikuwa na uzito. Akiyatamka, chachu ingekuwa imekufa kwa sababu yake, na ingeendelea kufa kwa sababu yake kila mara chungu kitakapochelewa, yeye na kila binti atakayeolewa hapa baada yake.

Kwa pembe ya jicho aliona Mama Hanna akiweka kata chini. Mama mkwe alikuwa ameinua mkono wa kuume, ule uliopona, na magoti yake yalikuwa yameanza kunyooka. Midomo ilikuwa imekwisha kufunguka.

Sinyati aliongeza hatua. Akaipokea sale kwa mikono miwili, kwa adabu yote aliyofundishwa, akainama kidogo kama inavyompasa mke wa mwana. Udongo wa mizizi ulimwangukia viatuni. Nyuma yake alisikia kigoda kikilia, Mama Hanna akiwa ameketi tena.

"Asante, baba mkubwa," alisema, taratibu, kila neno mahali pake. "Hii nitaipanda pale mpakani, leo au siku mtakayokaza kamba. Radhi siombi."